Una saa mbili kwa wiki: umpe jirani nini?

Msibani hatuna mpinzani. Jirani akifariki alfajiri, kufikia saa nne turubai limeshasimama, viti vimefika, kina mama wako nyuma ya nyumba wanachambua mchele, vijana wamekwenda kuchimba kaburi na daftari la rambirambi limepata mwandishi. Hakuna aliyeitisha kikao. Kinachotushinda ni shida isiyo na siku maalumu: mzee aliyepooza upande mmoja tangu mwaka juzi, mtoto wa darasa la nne asiyejua kusoma, mjane anayezungushwa na makaratasi ya mirathi. Hao hawawekewi turubai. Mtaa mzima unawajua, mtaa mzima unawahurumia, na kila mmoja ana kazi zake.

Namwandikia huyo mwenye kazi zake. Sizungumzii kijana aliyemaliza chuo anayejitolea ofisini huku akisubiri ajira. Yule ana hesabu nyingine. Nazungumzia mtu mwenye saa mbili kwa wiki, pengine tatu Jumapili ikikaa vizuri, ambaye ana ujuzi fulani na hajui auweke wapi. Njia nilizolinganisha ni tano, na zote mtu wa Mbagala au Likoni anaweza kuzianza wiki hii bila kusajili chochote: kumpokea zamu anayeuguza, kufundisha mtoto, kushughulikia makaratasi ya watu, kazi za mikono, na kuchangia damu.

Wengi tunachagua kwa kutazama wapi pana huruma zaidi. Mimi natumia swali kavu kidogo: siku ukishindwa kuendelea, nani anaumia? Ukiacha kuchangia damu, hakuna mtu anayekungoja wewe kwa jina lako. Ukimwacha mtoto katikati ya muhula, unamwacha na silabi nusu na fikra kwamba yeye ndiye mzito. Ukikata mguu kwa mgonjwa ambaye mkewe alishapanga kliniki yake kwa kutegemea Jumamosi yako, umeiacha nyumba ile pabaya kuliko ulivyoikuta. Mwenye moyo mkubwa na ratiba ya kuyumba asianze na kazi nzito ati kwa sababu ndiyo yenye thawabu nyingi. Aanze na ile anayoweza kuiacha bila kumwangusha mtu.

Kwa anayetaka kutupa jicho kwanza:

| Kazi | Muda wake | Unachotakiwa kuwa nacho | Ukiacha ghafla |
|---|---|---|---|
| Kumpokea zamu anayeuguza | Saa 2, siku na saa ile ile kila wiki | Uvumilivu, usafi, kinywa cha kutunza siri | Anaumia mtu, tena haraka |
| Kufundisha mtoto | Nusu saa, mara 3 kwa wiki | Kujua kusoma vizuri, subira | Mtoto anarudi nyuma |
| Makaratasi na foleni | Kwa vipande, hasa asubuhi za kazi | Kuelewa fomu, uaminifu | Jambo linalala, linaweza kuamshwa na mwingine |
| Kazi za mikono | Mara moja moja | Ufundi wa kweli | Hakuna, ukimaliza ulichoanza |
| Kuchangia damu | Chini ya saa 1, kila miezi 3 au 4 | Afya, kilo 50 na kuendelea | Hakuna |

Kumpokea zamu anayeuguza

Hii naipa uzito kuliko zote, na ndiyo inayokosewa zaidi. Tukisikia jirani ana mgonjwa, tunakwenda kumwona. Tunabeba machungwa, tunakaa, tunatoa pole, mgonjwa anajikakamua azungumze, na mwenye nyumba anaacha ndoo za maji uani kwenda kumtafutia mgeni soda. Ni jambo la heri, sikatai. Ila limemwongezea kazi yule yule tuliyekuja kumsaidia. Katika nyumba yenye ugonjwa mrefu, aliyechoka kuliko wote mara nyingi siye aliyelala. Ni mke, ni binti aliyefunga biashara yake ya vitenge akarudi kwao, ni mjukuu wa kidato cha pili anayekosa vipindi vya asubuhi.

Chukua kiharusi. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana, la sivyo anapata vidonda vya kulalia pale mfupa unapokutana na godoro: kisigino, nyonga, mwisho wa uti wa mgongo. Kulishwa kwake ni kwa kukalishwa wima, kijiko kidogo kidogo, na aendelee kukaa hivyo kama nusu saa baada ya kumaliza, kwa sababu misuli ya kumeza imelegea; uji ukiingia njia ya hewa, nimonia haiko mbali. Sasa fikiria mtu mmoja anafanya hayo mwaka mzima, na bado anafua, anapika na kuhesabu vidonge. Machungwa hayamsaidii sana. Anahitaji jirani amwambie, "Mama, kila Jumamosi saa tatu mpaka saa tano niko hapa mimi. Nenda sokoni, nenda saluni, ukitaka nenda kalale kwangu."

Saa mbili hapo zinatosha, na sababu yake ni ya kiufundi kabisa: ndio muda uliopo kati ya kumgeuza mara moja na mara inayofuata. Unafika, mnamgeuza pamoja naye akikuonyesha namna anavyofanya, anaondoka. Akirudi mnamgeuza tena. Asiyejua kitu chochote cha uuguzi anaweza kuanza hivyo, kwa kuwa kazi yake katikati ni kuwepo, kumpa maji akiwa amekaa, kumfukuzia nzi na kumsikiliza. Mazoezi ya mkono na mguu uliopooza usiyabuni. Kama familia imefundishwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, wakuonyeshe yale yale.

Masharti machache ya kukubaliana siku ya kwanza, hata kama mnajuana tangu utotoni. Dawa unampa ile tu iliyoandikwa daftarini kwa saa yake, na ukishampa unaweka alama ili asipewe mara mbili. Mambo ya choo na kuoga yafanywe na mtu wa jinsia ambayo mgonjwa ameiridhia; mzee wa miaka 80 kuvuliwa nguo na kijana wa jirani ni jambo linaloweza kumuuma kuliko ugonjwa wenyewe, naye kwa adabu hatasema. Kama ana kikohozi kisichoisha, uliza kuhusu kifua kikuu kabla, si baada. Na dawa uliyosikia kwa shemeji yako, iliyomponya mtu huko Tanga, ibaki Tanga. Nyumba ya mgonjwa ina washauri wa kutosha.

Halafu kuna siri. Uswahilini ukuta ni mwembamba, lakini kinachovujisha habari ni mgeni aliyeingia ndani. Siku mke wa mgonjwa atakaposikia bombani kwamba mumewe siku hizi anavalishwa nepi, hatauliza nani kasema. Atafunga mlango, nawe utakuwa umemnyima msaada wako na wa wengine wote watakaofuata.

Kufundisha mtoto

Wengi wanakimbilia hapa kwa kuwa inaonekana rahisi: kila aliyesoma anadhani anaweza kusomesha. Anaweza, akipunguza ukubwa wa jambo. Usianzishe tuisheni. Chukua watoto wawili au watatu wasiojua KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) na kaa nao barazani.

Kusoma Kiswahili kuna neema yake: silabi zinasomeka kama zinavyoandikwa, na mtoto anayezijua zote anasoma gazeti. Ndiyo maana mtoto aliyekwama mara nyingi amekwama mahali unapoweza kupagusa kwa kidole. Mpe asome "baba anakata kuni", anateleza vizuri. Mpe "mtoto anakunywa maji". Anafika kwenye "nywa" anasimama, anabahatisha "anakunya", wenzake wanacheka, na kuanzia siku hiyo hataki kusoma kwa sauti. Shida yake ni konsonanti zilizobanana: nyw, mbw, ng', ndw, chw. Darasani wakiwa zaidi ya 100, mwalimu hana nafasi ya kuligundua hilo kwa mtoto mmoja mmoja. Wewe una watoto watatu. Utaligundua ndani ya dakika kumi. Fanya wiki nzima ya mbwa, ng'ombe, kinywa, kuchwa. Vifaa ni chaki, ukuta na vizibo vya soda vya kuhesabia.

Nusu saa mara tatu kwa wiki inamshinda mwalimu wa saa mbili za Jumamosi, kwa sababu mtoto mdogo anasahau kati ya Jumamosi na Jumamosi. Kwa hiyo hesabu ile ile ya saa mbili hapa inakatwa vipande, na asiyekuwa nyumbani jioni asijidanganye.

Kundi la pili linalosahaulika Tanzania bara ni kidato cha kwanza. Mtoto ametoka shule ya msingi ya serikali anajua usanisinuru, anajua mfumo wa mmeng'enyo, anajua sehemu na desimali. Januari inafika, karibu kila somo isipokuwa Kiswahili limegeuka Kiingereza, na mambo aliyoyajua tayari yanakuja na majina mapya. Kama wewe Kiingereza unakitumia kazini, kaa naye na daftari lake la baiolojia, mwulize jambo kwa Kiswahili kwanza, akilieleza ndipo mhamie kwenye maneno ya kitabuni. Hii ni kazi ya muhula mmoja tu, ina mwanzo na mwisho, na kwa hilo inamfaa mtu anayeogopa ahadi ndefu.

Watoto wafundishwe mahali pa wazi, wazazi wakijua siku na saa, wala usikae na mmoja chumbani hata kama mvua inanyesha. Ni kinga yao na ni kinga yako. Ukiona dalili za mtoto kuumizwa nyumbani, usiende kugombana na baba yake: namba 116 ya kusaidia watoto inapigwa bure Tanzania na Kenya pia, na halmashauri ina afisa ustawi wa jamii.

Mwanafunzi si lazima awe mtoto. Mwaka 1970, uliotangazwa na Mwalimu Nyerere kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, wengi waliosimama mbele ya madarasa ya kisomo hawakuwa walimu kwa taaluma. Leo bibi anayetaka kusoma mwenyewe ujumbe wa pesa bila kumpa mjukuu simu ana sababu nzuri kuliko wanafunzi wengi ninaowajua.

Makaratasi na foleni

Mfanyakazi wa ofisini ana nguvu ambayo hata haijui: haogopi fomu. Kwa mtu aliyemaliza darasa la saba mwaka 1985 na tangu hapo hajashika kalamu ila kupiga kura, fomu ya kurasa nne ni ukuta. Nyuma ya ukuta huo kuna vitu vyake halali. Zanzibar ina pensheni jamii kwa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea, iliyoanza Aprili 2016. Kenya ina Inua Jamii, nayo ni miaka 70, shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Tanzania bara ina msamaha wa matibabu kwa wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo. Anayekosa mara nyingi hakukataliwa. Jina la kitambulisho halifanani na la cheti, au hana kitambulisho kabisa.

Mirathi ndiyo inayowatesa zaidi wajane. Tanzania bara, kwa marehemu aliyeishi kimila au Kiislamu, shauri huanzia mahakama ya mwanzo, na mezani panatakiwa cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo uliompendekeza msimamizi. Muhtasari huo tu, karatasi moja, unaweza kukwama miezi sita kwa kuwa hakuna aliyejua uandikweje: tarehe, mahali, waliohudhuria na uhusiano wao na marehemu, nani amependekezwa, saini za wote. Mtu aliyezoea kuandika mihutasari ya vikao kazini anaimaliza jioni moja. Sijui kama kuna msaada mwingine wa saa moja unaozidi huo kwa thamani. Lakini ukisikia ndugu wameanza kugombania nyumba, weka kalamu chini. Hapo panahitaji msaidizi wa kisheria, na tangu sheria ya msaada wa kisheria ya mwaka 2017 hao wanatambulika rasmi na huduma yao ni bure; uliza kwa mtendaji au ustawi wa jamii.

Kusindikiza nako ni kazi. Mama aliyekwenda ofisi mara tatu akaambiwa "njoo kesho" mara tatu, akienda na jirani anayeandika daftarini jina la aliyewahudumia, tarehe na kilichosemwa, mazungumzo hubadilika. Usigombe wala usijifanye mwanasheria. Uliza kwa heshima, "Afande, au mheshimiwa, tuandike tulete nini kesho?" na uandike mbele yake.

Kasoro ya njia hii ni mbili. Ofisi zinafunguliwa saa ambazo nawe uko kazini, kwa hiyo inawafaa zaidi walimu wakati wa likizo, wenye zamu za usiku na wastaafu. Ya pili ni pesa. Anayeshika makaratasi ya watu huishia kushika na simu zao, na hapo ndipo majirani wema huharibikiwa. Namba ya siri usiijue. Akikuambia, mwambie abadilishe, tena mbele yako. Vyeti halisi visilale kwako. Piga picha, rudisha. Akipata ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", mfundishe kuupeleka 15040, namba ya Tanzania ya kuripoti matapeli, kisha aufute, na siku hiyo hiyo mpige *106# mtazame kama kuna laini nyingine zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Dakika tano, na huenda ukakuta namba ambazo hajawahi kuziona.

Kazi za mikono

Fundi bomba, fundi seremala, fundi cherehani, msusi, fundi redio: hawa ndio wenye uhuru mkubwa, maana kazi inaanza na kuisha. Bawaba ya mlango wa mjane, kiti cha magurudumu kilichokatika breki, sare ya shule ya kurefushwa, nywele za mgonjwa ambazo hazijaguswa miezi miwili. Usidharau hiyo ya nywele. Mwanamke aliyelala muda mrefu akisukwa anaomba kioo.

Kubalianeni vifaa ni vya nani kabla ya nyundo ya kwanza. Utaratibu unaofaa ni ufundi bure, vifaa vya mwenye nyumba, na asipokuwa navyo muombe kwa kundi, kwa sababu fundi anayetoa kazi na misumari ataanza kuwakimbia watu. Umeme una mpaka: kwa Tanzania, mita ya LUKU ni mali ya shirika la umeme, TANESCO, haiguswi, na nyaya za nyumba ni za fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji, hata kama mtaani mnamwita "injinia". Jambo jingine halisemwi sana: mafundi wa pale mtaani nao wana watoto. Ukitengeneza bure kwa kila aliyekuomba, mwenye uwezo na asiye na uwezo, umemchukulia mwenzako riziki. Bure iwe kwa wale ambao wasingemwita fundi kabisa.

Damu

Kwa mtu asiyekaa mahali pamoja, hii ndiyo jibu. Kwa Tanzania umri ni miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, mwanaume kila baada ya miezi 3 na mwanamke kila baada ya miezi 4. Chupa moja ni kama mililita 450. Kutoka yenyewe ni dakika kama kumi, mengine ni kupimwa na kupumzika na soda mkononi. Damu inapimwa VVU, homa ya ini aina B na C, na kaswende.

Ninapoilinganisha na nyingine, naona inapunguzwa thamani kwa kuwa humwoni uliyemsaidia. Wanaoihitaji wako jirani yako: mtoto wa chini ya miaka mitano aliyeishiwa damu kwa malaria, mama aliyemwaga damu baada ya kujifungua, mgonjwa wa selimundu (siko seli), ugonjwa ambao Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa nao. Na damu haitunziki milele; chembe nyekundu hukaa wiki tano hivi kwenye jokofu kwa mfuko wa kawaida. Kwa hiyo kundi zima la kazini kuchangia siku moja ya maadhimisho, Juni 14, kisha kunyamaza mwaka mzima, kuna upungufu. Watu kumi na wawili wa mtaa mmoja wakigawana miezi (wakiwa wanaume, wanne kila mwezi, zamu ikirudi baada ya miezi mitatu; wakiwa kina mama, watatu kila mwezi, zamu ikirudi baada ya minne) wanaifaa benki ya damu kuliko umati wa siku moja.

Peke yako au na wenzako?

Ukienda peke yako unaanza leo, na unachoka mapema. Ukipitia kundi kuna vikao, kuna mweka hazina, kuna yule anayetaka tisheti kwanza. Lakini siku una homa yupo wa kwenda badala yako. Kwa kazi mbili za juu, mgonjwa na mtoto, nisingemshauri mtu aende peke yake. Wawili wanatosha.

Makundi tunayo tayari, hayahitaji kubuniwa. Wakatoliki wana jumuiya ndogo ndogo zinazokutana nyumba kwa nyumba, msikiti una watu wanaojua nani hajala, serikali ya mtaa ina mjumbe anayejua kila mlango. Kenya kuna wahudumu wa afya ya jamii, takriban 100,000 tangu mpango wao ulipopangwa upya mwaka 2023, kila mmoja na kaya zake, ukimuuliza huyo "nani hapa hana wa kumpokea zamu?" utapata jibu kabla hujamaliza sentensi. Msalaba Mwekundu, Tanzania na Kenya, unafundisha huduma ya kwanza na kupokea wanaojitolea, na kwa kijana asiye na ujuzi wa kutoa ndio mlango ninaoupendekeza.

Kazi za pamoja za mikono mingi, msaragambo wa Upareni au Umuganda wa Rwanda unaofanyika asubuhi ya Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, zina nguvu kwenye mitaro, barabara na paa la darasa. Mgonjwa wa kiharusi hazimfikii. Huwezi kumgeuza mtu kwa watu mia mara moja kwa mwezi.

Swali la kulipana huwa linajitokeza kundi likikua. Japani, Bi. Teruko Mizushima wa Osaka alianzisha mwaka 1973 benki ya kazi: ukimtumikia mwenzio saa moja, inaandikwa, nawe ukizeeka au ukiugua unaidai. Wanaocheza mchezo wa pesa, yaani upatu, hapa kwetu watalielewa hilo mara moja, na kina mama wanaoaminiana wanaweza kucheza mchezo wa saa bila shida. Mimi naona daftari linafaa kwa wanaolingana uwezo. Mzee aliyepooza hatawahi kulipa saa zake, na akijua zinaandikwa, ataanza kusema hahitaji chochote.

Walio mbali

Mwenye ndugu Muscat au London mara nyingi anatuma pesa na kuona amemaliza. Anaweza pia kufanya kazi ya makaratasi kwa simu: kusoma fomu iliyopigwa picha, kuandika barua, kupanga zamu za wauguzaji wa mama yake na majirani. Anayetaka kusaidia mtaa mzima anaweza kuchora nyumba na mitaro kutoka picha za setilaiti kwenye OpenStreetMap, kazi iliyofanywa na wanafunzi na wakazi wa Dar es Salaam katika Ramani Huria kuanzia mwaka 2015 kwa ajili ya maeneo yanayofurika. Na aliyeko Marekani ana majirani wake huko huko: familia za Wakongo waliohamishiwa miji kama Louisville, wanaojua Kiswahili na hawajui bili ya umeme inasomwaje. Wasaidie barua na shule. Kwa daktari, waambie wadai mkalimani wa hospitali, ambaye ni haki yao bila malipo. Kutafsiri ugonjwa kwa kubahatisha ni hatari.

Basi uchague ipi?

Mwenye safari nyingi: damu, na kazi ya mikono akiwa nyumbani. Mwenye jioni tatu tulivu: mtoto. Mwenye asubuhi za kazi: makaratasi, akianza na vitambulisho vya wazee wa mtaa wake. Mwenye Jumamosi anayoweza kuiapia, na jirani mmoja wa kushirikiana naye: amwendee anayeuguza, hata kama anajiona hajui kitu.

Kwa hiyo ya mwisho, ahidi mwezi mmoja kwanza, useme wazi kwamba ni mwezi mmoja, kisha mwulizane kama muendelee. Na ukija kuondoka, umehamishwa kazi au umechoka tu, toa taarifa wiki tatu kabla. Wiki ya mwisho nenda na atakayekurithi, afanye yeye nawe ukae pembeni, mkabidhi daftari la dawa, na mwambie yale ambayo hayajaandikwa: kwamba mzee hapendi kugeuzwa akiwa anasikiliza taarifa ya habari, na kwamba chai yake anataka iwe ya rangi, tangawizi nyingi, sukari kidogo kuliko anayoomba.